Mdogo wangu alifungwa kamba hospitali, sasa wananiita nikatoe maoni

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, na ndiye mkubwa kwetu. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 26, anaendesha bodaboda.

Mwaka jana mwezi wa saba alianza kukosa usingizi. Usiku wa kwanza tulidhani ni marejesho ya pikipiki yanamsumbua. Usiku wa pili tukamkuta anaosha pikipiki saa nane, anajibizana na redio iliyozimwa. Mama akaita watu wa maombi. Usiku wa nne akapanda juu ya bati, anasema ameambiwa aruke. Majirani walitusaidia kumshusha, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, mimi nimemshika huku, mume wangu kamshika kule.

Kitengo cha dharura kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na majeruhi wa ajali ya Noah, taa kali, watoto wanalia. Mdogo wangu akasimama anataka kutoka, muuguzi akaita walinzi. Wakaja watatu, wakamlaza kifudifudi pale pale koridoni, mmoja akamkalia mgongoni, wakamfunga mikono na miguu kwa kamba ya manila kwenye kitanda cha magurudumu. Akachomwa sindano. Watu wakatoa simu wakarekodi, na video ikafika kijiweni kwake kabla yeye hajarudi nyumbani. Alikaa amefungwa mpaka jua likatoka. Alijikojolea, Mama. Mpaka leo ana alama kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

Mtu mmoja tu alimsogelea usiku ule, mama mfanya usafi. Aliweka ndoo chini, akatoa kanga ya begani akamfunika miguu, akamuuliza, "Baba, umekula?" Mdogo wangu hakumbuki daktari wala sindano, ila sauti ya yule mama anaikumbuka.

Sasa anaendelea vizuri. Anameza dawa za kliniki na amerudi barabarani. Lakini ameniambia, "Dada, nikizidiwa tena bora nife, usinirudishe kule."

Wiki iliyopita metroni wa hospitali ile ile amenipigia. Wanatenga chumba karibu na dharura kwa ajili ya watu waliozidiwa kiakili, wanakiita chumba salama, na wanataka ndugu waje kutoa maoni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema niachane nao, hiyo ni mahabusu imepewa jina zuri. Mama yeye anasema safari nyingine tumpeleke kambi ya maombi, ambako najua wanafunga watu minyororo. Niende kwenye kikao? Nikaseme nini? Na akizidiwa kesho, kabla hicho chumba hakijakuwepo, nifanye nini?

Dada Mkubwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na pole yangu ya kwanza ni kwa mdogo wako.

Nenda kwenye kikao. Mumeo ana haki ya kukasirika na usimwone mbaya, lakini chumba kile kitatengenezwa, uende usiende. Usipokwenda kitapangwa na watu ambao hawajawahi kufungwa, wala kumshika mtu wao kwenye bajaji usiku wa manane. Ila usiende na maoni yako peke yako. Kaa na mdogo wako sasa hivi, wakati kichwa kimetulia, umuulize taratibu usiku ule ulikuwaje kwake na angetaka uweje. Andika maneno yake kama anavyoyatamka. Kama anakubali, nenda naye. Hakuna mtaalamu atakayeingia kwenye kikao hicho akijua chumba hicho kinahitaji nini kumzidi yeye.

Kabla sijaendelea nikuambie ninasimama wapi. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili hadi nilipostaafu, na nimefunga watu kwa mikono hii. Zamu ya usiku tulikuwa wawili, na wodi imejaa hadi magodoro ya chini. Kamba ilikuwa inafanya kazi ya watu ambao hawakuajiriwa. Tulikuwa pia na chumba cha kufungia. Siku moja tulimweka mle binti mmoja, akajilaza sakafuni, shavu chini, jicho kwenye upenyo wa mlango, saa nzima. Nikaandika kwenye faili kwamba ana tabia zisizoeleweka. Alipopata nafuu nikamuuliza alikuwa anatazama nini. Akasema, "Miguu yenu. Nilikuwa naangalia kama bado mpo." Kuanzia hapo, kwenye zamu zangu, mlango ule haukufungwa bila mtu kukaa kizingitini. Lakini waliotangulia kabla ya binti huyo ni wengi, na nimestaafu nao moyoni.

Kwa hiyo hofu ya mumeo naielewa. Kuta nne zile zile zinaweza kuwa chumba salama au mahabusu, na kwa kutazama mlango huwezi kujua ni kipi. Utajua kwa kuuliza, nawe mwalimu kuuliza unajua. Uliza: nani atakaa naye mle ndani? Wakikujibu kwamba kuna kamera, au mlinzi atasimama nje, hapo mumeo amepatia. Uliza tena: anaruhusiwa kutoka akitaka kutembea? Nani mwenye mamlaka ya kuamuru mlango ufungwe, kwa muda gani, na inaandikwa wapi? Lazima pawe na daftari, saa ya kufunga na saa ya kufungua, jina la aliyeamuru na sababu yake. Kitu kisichoandikwa usiku, asubuhi kinakuwa hakikutokea.

Usidhani haya yanatusumbua sisi tu. Uingereza, kifungu cha 136 cha sheria yao ya afya ya akili ya mwaka 1983 kinampa polisi mamlaka ya kumchukua mtu aliyezidiwa na kumpeleka "mahali pa usalama". Kwa miaka mingi mahali hapo mara nyingi palikuwa seli ya kituo cha polisi, na mtu angeweza kushikiliwa hadi saa 72. Desemba 2017 ndipo muda ulipopunguzwa kuwa saa 24, daktari anaweza kuongeza 12, na aliye chini ya miaka 18 ikakatazwa kabisa kupelekwa kituo cha polisi. Marekani, daktari mmoja wa California, Scott Zeller, alikwenda njia nyingine. Badala ya kumpa kila mtu kijichumba chake, aliweka ukumbi mmoja mpana wenye viti vya kuegemea. Mtu anakaa, analala, anasimama akatembea, na wauguzi wanakaa humo humo pamoja na wagonjwa, hawajifichi nyuma ya kioo. Mimi nilipoelezwa nilikumbuka ukumbi wa nyumba ya msiba, watu wamekaa na mfiwa usiku kucha bila kumsemesha sana.

Najua jibu utakalopewa: bajeti hakuna. Hapo uwaambie habari za wodi 31 za hospitali 15 za London na maeneo ya jirani, alikofanyia utafiti Profesa Len Bowers, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Walijaribu mambo kumi madogo: kauli laini, wauguzi na wagonjwa kujuana japo kidogo, kisanduku cha vitu vya kumtuliza mtu, kumwahi mtu na kumfariji pale habari mbaya inapomfikia. Vurugu wodini zilipungua kwa asilimia 15, na mambo ya kushikana kwa nguvu, kufungia na kulazimisha dawa yakapungua kwa takribani asilimia 26. Katika hayo kumi sikumbuki hata moja lililohitaji mkandarasi. Yule mama wa usafi alifanya mawili kwa kanga moja na swali moja. Mwambie metroni kwamba mafunzo ya chumba hicho yawahusu wafanya usafi na walinzi pia, kwa sababu saa nane za usiku hao ndio wanaokuwepo.

Sasa chumba chenyewe. Kiwe jirani na dharura, pembeni ya kelele, lakini kisitupwe nyuma huko karibu na mochwari. Hili nalisisitiza kwa sababu ya kitabibu. Mtu anayeongea ovyo anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, kifafa, au pombe aliyoacha ghafla juzi. Nimeona kijana akiitwa kichaa kumbe sukari imeshuka. Apimwe joto, sukari na malaria kwanza, kila anayeletwa, hata yule ambaye kila mtu anamjua kwamba "ni wa Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Chumba kikiwa mbali, vipimo hivyo vinasahaulika.

Ndani, mtazame dari. Panga boi lisiwepo. Pasiwe na ndoano, bomba lililo wazi, fimbo ya pazia, wala stendi ya dripu ya kuachwa kona. Mlango ufunguke kwa nje, usiwe na komeo ndani, ili mtu asiweze kujizibia. Dirisha liwepo na lionyeshe kitu, mti au anga, kwa kioo kisichovunjika vipande. Benchi la kujengea lenye godoro la kufutika ni bora kuliko kitanda cha chuma. Choo kiwe hatua chache, maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki, na saa ukutani, maana mtu aliyezidiwa hupotelewa na muda na hofu inaongezeka. Taa iweze kupunguzwa. Mkanda na kamba za viatu aombwe kwa heshima, ndugu azishike. Na pawe na kiti cha ndugu. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, basi hicho kiti kiingie kwenye mchoro tangu mwanzo, asiombwe ndugu asubiri getini.

Simu za kurekodi zipigwe marufuku kwa tangazo, na kwa mtu wa kulisimamia tangazo hilo. Video ile ya kijiweni, mwanangu, ni jeraha kama lile la mkononi. Usiogope kuitaja kwenye kikao, na watake wakueleze wamechukua hatua gani.

Kuhusu kamba, ongea wazi. Kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia mgongoni kunaweza kumkosesha pumzi akafa, na wapo waliokufa hivyo katika nchi mbalimbali. Kamba ya manila inakata ngozi na kubana mishipa, ndiyo alama uliyoiona. Lengo liwe kutofunga kabisa. Zikitokea dakika ambazo kila njia imeshindikana, basi iwe kwa kitambaa kipana laini, amelala chali au ubavu, muuguzi akiwa ubavuni kwake muda wote, akimpima pumzi na kutazama vidole kila robo saa, akimpa maji na kumpeleka choo, na kitambaa kifunguliwe mara anapotulia. Mpaka jua litoke? Hapana. Na kesho yake mtu akae naye amweleze kilichotokea na kumwomba radhi. Je, kuna aliyemwomba radhi mdogo wako? Kama hakuna, hilo ndilo ombi lako la kwanza siku ya Alhamisi, kabla ya panga boi na dirisha.

Kuna jambo moja umuulize faragha. Baada ya ile sindano, shingo ilimpinda? Macho yalikwenda juu, ulimi ukawa mzito, taya likakaza? Haloperidol, ambayo hutumika sana kwenye dharura, inaweza kufanya hivyo, hasa kwa vijana wa kiume, na anayepatwa hudhani anakufa. Inatibika kwa dawa nyingine haraka tu, ila muuguzi ajue. Wagonjwa wengi wanaoapa kutorudi hospitali niliwakuta wanaogopa shingo ile kuliko kamba yenyewe, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba ilikuwa dawa. Kama ilimtokea, kliniki wakaiandike kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu.

Umeuliza akizidiwa kesho. Tengenezeni karatasi moja, yeye ndiye aandike, wewe na mumeo muweke sahihi. Dalili zake mnazijua tayari: kukosa usingizi, kuosha pikipiki usiku. Basi msisubiri tena usiku wa nne. Usiku wa pili wa kukosa usingizi, asubuhi yake mko kliniki, mchana, anatembea kwa miguu yake, muuguzi anayemjua yupo. Aandike nani apigiwe simu, nani hataki amwone akiwa hivyo, nani ashike funguo za pikipiki, dawa gani ilimsumbua, na kitu gani kinamtuliza. Pengine ataandika "niulizeni kama nimekula". Nakala moja ibaki kwenye faili lake kliniki, moja kwako, moja kwa rafiki yake wa kijiweni anayemwamini. Siku hiyo ukimpeleka, ingia na karatasi mkononi, umwambie muuguzi: huyu ni mdogo wangu, hapa ameandika mwenyewe. Kama gharama zinakukwamisha, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali uulizie msamaha.

Alikuwa juu ya bati anasema ameambiwa aruke. Hilo msilizunguke. Muulize kwa maneno yaliyonyooka, "Mawazo ya kujiua yanakujia?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, wengi hushusha pumzi wakiulizwa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda dukani, na siku hiyo hiyo mwende. Na kwa muuguzi msifiche. Nasema hivyo kwa sababu familia nyingi huficha, zinaogopa polisi: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema kinapingana na katiba. Natamani nilione hilo kwetu nikiwa hai. Hadi hapo, ombeni kwenye kikao kwamba mtu wa kwanza kumpokea aliyezidiwa awe muuguzi, wala sare ya ulinzi isitangulie.

Mama yako usimbishie maombi. Yeye anamlilia mwanawe kwa lugha anayoijua. Mwambie maombi yaje nyumbani, na hata hospitali, ukaombe chumba kile kiruhusu mchungaji au shehe kuingia mgonjwa anapotaka. Kambini asiende. Mnyororo ukifungwa na mtu anayesali unakata mkono vile vile, na kule hakuna wa kumpima sukari wala malaria, na dawa zake anaweza kuachishwa. Mpeleke mama kliniki mara moja akae na muuguzi asikie mwenyewe, kwa sababu nina hakika usiku ule hakuna aliyemweleza chochote.

Alhamisi mtangulie mapema, na umtafute yule mama mfanya usafi. Mwambie metroni unaomba naye awemo kikaoni. Mdogo wako akifika getini miguu ikakataa, usimvute. Mwache kwa muuza chai pale nje na mumeo, wewe uingie na karatasi yake, na ukitoka umsomee walichojibu, mstari kwa mstari.